Sentensi ya mwisho ya barua ya kazi: namna ya kuandika "look forward to" pasipo kosa

KISANGANI. Ku sekretaria za kuchapa barua, karibu na chuo kikuu ao ndani ya komini ya Makiso, mazungumzo yanakuwa karibu yale yale. Kijana ameleta CV yake. Barua ya Kifaransa imekwisha, sasa inabaki ile ya Kiingereza, kwa sababu tangazo la kazi limetoka kwa Kiingereza. Mistari ya katikati inapita pole pole. Kufika pa mwisho, anauliza: "Yaya, hapa chini naweka nini?" Mwenye mashine anajibu: "Weka ile ya siku zote."

Ile ya siku zote ni hii: "I look forward to hearing from you." Maana yake kwa ufupi: ninangojea habari yako kwa hamu na furaha. Ni sentensi moja ya Kiingereza inayoandikwa sana duniani, na ni moja inayoharibika sana pia. Inatoka kwenye barua ya mmoja, inaingia kwenye barua ya mwengine, na njiani inapoteza mkia wake. Inakuwa "I look forward to hear from you", ao "I look forward for your answer", ao "I am looking foward to hear you".

Kosa ni la herufi tatu tu, lakini limekaa pa nafasi mbaya. Sentensi ya mwisho ndiyo msomaji anabaki nayo machoni anapofunga barua. Na mara nyingi tangazo lenyewe limeomba mtu anayeandika Kiingereza vizuri. Dosye mbili zikiwa na diploma sawa na miaka ya kazi sawa, hakuna anayetaka barua yake ipoteze nguvu kwa ajili ya mkia wa neno moja. Habari njema ni kwamba msemaji wa Kiswahili cha Kongo ana ufunguo wa jambo hili nyumbani kwake tayari.

Kiingereza kinafanya nini Kisangani?

Kisangani ni mji wa Kilingala na Kiswahili, na Kifaransa ndicho lugha ya serikali, ya shule na ya tribinali. Kiingereza wengi wanakijua kwa darasa la sekondari. Wanakutana nacho tena siku ya Exetat, kisha wanakiacha.

Lakini kuna milango inayofunguka kwa Kiingereza. Kiingereza na Kifaransa ndizo lugha mbili za kazi za Sekretarieti ya Umoja wa Mataifa, na mashirika mengi ya kimataifa yanayofanya kazi mashariki mwa Kongo yanaomba zote mbili. Tarehe 8 Aprili 2022 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilitia sahihi mkataba wa kuingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na tarehe 11 Julai 2022 ikawa mwanachama kamili. Makao makuu ya jumuiya hiyo yako Arusha, Tanzania, na maandishi mengi ya ofisi zake yanatoka kwa Kiingereza. Mfanyabiashara anayeleta mali kutoka Uganda kwa barabara ya taifa namba 4, kupitia Kasindi, Beni, Komanda, Mambasa na Nia-Nia mpaka hapa, anaandikiana na Kampala kwa Kiingereza. Mwanafunzi wa chuo kikuu anayechunguza msitu wa Yangambi anajua kwamba makala nyingi za sayansi anazosoma ni za Kiingereza, na mtu akitaka kuomba bursi ya nje, mara nyingi barua inadaiwa kwa lugha hiyo.

Kujifunza Kiingereza baada ya Kifaransa si jambo jipya ku mto huu. Mwaka 1890, baharia mmoja alifika kwa meli hapa pa maporomoko, wakati mji ulikuwa kituo kidogo kinachoitwa Stanley Falls. Jina lake Joseph Conrad. Alizaliwa Mpolandi, Kifaransa alikijua mbele ya Kiingereza, na Kiingereza alianza kukijifunza akiwa mtu mzima. Baadaye akawa mmoja wa waandishi wakubwa wa lugha hiyo. Kwa hiyo kuandika Kiingereza vizuri si zawadi ya kuzaliwa nayo. Ni kazi ya mazoezi, na inaanza na sentensi moja moja.

Ku mbili za Kiswahili chetu

Sikiliza sentensi mbili hizi kama watu wanavyozisema mtaani:

Ninaenda ku soko.
Ninataka kuuza samaki.

Sauti ni moja, "ku", lakini kazi si moja. Ya kwanza ni ku ya mahali. Nyuma yake kunakuja jina la kitu ao la mahali: ku soko, ku Lubunga, ku hospitali, ku maporomoko ya Wagenia. Ya pili ni ku ya tendo. Imeshikamana na neno la kitendo: kuuza, kuvuka, kusoma, kuandika. Hakuna mtu wa Kisangani anayezichanganya, hata mtoto. Ukisema "ninataka ku soko" na ukanyamaza, watu watangojea neno linalokosa: ninataka kuenda ku soko.

Kiingereza nacho kina neno dogo moja lenye kazi mbili, "to". Tazama:

I am going to the market.
I want to sell fish.

"To" ya kwanza ni ku ya mahali. "To" ya pili ni ku ya tendo. Sasa swali lote la makala hii ni moja: "to" iliyo ndani ya "look forward to" ni ipi?

Ni ile ya kwanza, ku ya mahali. "Look" ni kutazama, "forward" ni mbele, "to" ni upande wa kitu. Neno kwa neno, mtu anatazama mbele ku kitu fulani kinachokuja, kama vile mtu anayesimama beach akitazama upande ambako boti itatokea. Kwa sababu ni ku ya mahali, nyuma yake kunaomba jina la kitu. Haikubali kitendo kikiwa wazi.

Sasa mtu akitaka kuweka kitendo pale, inabidi kwanza akigeuze kiwe jina. Kiingereza kinafanya hivyo kwa kuongeza "-ing". "Hear" ni kitendo. "Hearing" ni jina la kitendo. "Meet" ni kitendo. "Meeting" ni jina lake. "Work" inakuwa "working", "receive" inakuwa "receiving". Njo maana inaandikwa "I look forward to hearing", hapana "I look forward to hear".

Kinachowadanganya watu ni Kifaransa. Kwa Kifaransa, nyuma ya neno dogo kama "de", "à", "sans" ao "pour", kitendo kinabaki kama kilivyo: "dans l'attente de vous lire", "sans attendre", "avant de partir". Mwenye kufikiri kwa Kifaransa anaona "to", anaona kitendo, anaviunganisha. Kiingereza kinakataa. Nyuma ya maneno madogo ya namna hiyo, kitendo kinavaa "-ing" kila mara: "without waiting", "before leaving", "after reading", "by working". Ni "to" peke yake inayoleta mashaka, kwa sababu yenyewe ina sura mbili.

Jaribio la "your letter"

Kuna jaribio dogo ambalo halidai kitabu wala intaneti. Kama hujui "to" uliyo nayo ni ipi, ondoa kitendo na uweke pale jina lolote la kitu. Tuseme "your letter", ni kusema barua yako.

"I look forward to your letter." Sentensi imesimama. Basi ni ku ya mahali, na kitendo kikikuja pale lazima kivae "-ing": "I look forward to receiving your letter."

"I want to your letter." Sentensi imeanguka. Basi ni ku ya tendo, na kitendo kinabaki wazi: "I want to receive your letter."

Jaribio hilo linaonyesha jambo lingine pia: si lazima kutumia kitendo. Mwenye kuogopa "-ing" anaweza kuandika jina tu, na sentensi itakuwa safi kabisa:

I look forward to your reply.
I look forward to our meeting on Monday.
We look forward to your visit to Kisangani.

Hizi ni fupi, ni za adabu, na hazina mahali pa kukosea. Mtu anaandika dosye usiku, kesho ndiyo siku ya mwisho ya kuipeleka? "I look forward to your reply" inatosha.

Jambo moja la kuangalia: ni "to" tu, hapana "for". Watu wanaandika "look forward for" kwa sababu "wait" inakwenda na "for", "wait for". Tena "forward" ina "r" mbili, moja katikati na moja karibu na mwisho. "Foward" ni kosa la kila siku hata kwa wale waliozaliwa na Kiingereza.

"Hear you" si "hear from you"

Neno dogo "from" linaangushwa sana, na likianguka maana inageuka. "Hear you" ni kusikia sauti yako, kama mtu anayesikiliza radio ao simu. "Hear from you" ni kupata habari kutoka kwako, kwa barua, kwa mesaji ao kwa simu. Ukiandika "I look forward to hearing you", mwenye ofisi anaweza kufikiri kwamba unangojea yeye aimbe ao ahutubie watu. Kwa hiyo maneno sita yanakaa pamoja, kwa mpango huu: look, forward, to, hearing, from, you. Ukiondoa moja, nyumba inalegea.

Kwa sababu hiyo pia, usitafsiri ile ya Kifaransa "dans l'attente de vous lire" neno kwa neno. "In the waiting to read you" haiko Kiingereza. Vile vile "I wait your answer": kwa Kifaransa "attendre" haidai neno lingine kati, lakini kwa Kiingereza ni "wait for". Na hata ukiisahihisha, "I am waiting for your answer" inasikika kama mtu aliyesimama mlangoni akigonga. "I expect your answer" iko nzito zaidi, ni kama mkubwa anayeamuru. "I look forward to" inangojea bila kusukuma, na ndiyo sababu inapendwa ku barua za kazi.

Inakwenda na jambo la furaha tu

"Look forward to" haina maana ya kungojea peke yake. Ni kungojea kitu unachokipenda. Kwa hiyo haiwezi kuwekwa pa kila jambo linalokuja. Mtu anayetangaza matanga na kuandika "We look forward to the burial on Saturday" anasema, bila kujua, kwamba familia ina hamu ya maziko na inayafurahia. Nia yake ilikuwa nzuri, maneno yake yanaumiza. Pale inatosha kuandika "The burial will take place on Saturday", maziko yatafanyika Siku ya Posho.

Vile vile kwa habari ya vita, ya ugonjwa, ya mafuriko. Ripoti ya ONG haiwezi kusema "We look forward to more displaced people next month". Hiyo inasema shirika linatamani wakimbizi zaidi. Pale neno linalofaa ni "expect", ni kusema tunafikiri watakuja: "We expect more displaced people next month." Mwandishi wa ripoti akichanganya maneno haya mawili, anayeisoma mbali, asiyejua hali ya hapa, anaweza kuielewa vibaya.

Na ukikanusha, furaha inageuka woga ao uchovu. "I am not looking forward to the exam" haisemi kwamba hungojei mtihani. Inasema unaungojea bila kupenda.

"I look" ao "I am looking"?

Zote mbili ni sawa kwa sarufi. Tofauti ni ya heshima. "I look forward to hearing from you" ni ya barua rasmi: kuomba kazi, kuomba bursi, kuandikia ofisi. "I am looking forward to seeing you" ni ya watu wanaojuana: rafiki, mshiriki wa kazi, mteja wa zamani. Kuna tena "Looking forward to hearing from you", bila "I". Inapita ku mesaji za simu na barua pepe za haraka, lakini ku barua ya kazi afadhali sentensi iwe na mwenyewe wake.

Mtu akibadilika, "look" peke yake ndiyo inabadilika:

She looks forward to starting work in Bunia.
They look forward to working with the new doctor.
We were looking forward to the arrival of the boat.

"To" na "-ing" zinabaki pale pale. Hata wakati uliopita hauzigusi.

Ndugu za "look forward to"

Mwenye kuelewa sentensi hii moja amepata nyingine nyingi, kwa sababu kuna maneno mengine yenye "to" ya mahali, na barua za kazi zimejaa nayo. Haya ndiyo yanayokutana sana na wanaotafuta kazi:

"Committed to": mwenye nia thabiti. "I am committed to protecting children", hapana "to protect".

"Dedicated to": aliyejitoa kwa jambo. "My life is dedicated to teaching."

"In addition to": zaidi ya. "In addition to speaking Swahili and Lingala, I write French well."

"Contribute to": kuchangia. "I would like to contribute to improving health in Tshopo." Hapa kuna "to" mbili ndani ya sentensi moja, na kila moja ina kazi yake. "Like to contribute" ni ku ya tendo, kitendo kiko wazi. "Contribute to improving" ni ku ya mahali, kitendo kimevaa "-ing". Ukitia jaribio la "your letter" pa zote mbili, utaona tofauti mara moja.

"Object to": kupinga. "The drivers object to paying twice."

"I used to" na "I am used to"

Hapa kosa halisumbui masikio tu, linaweza kumharibia mtu dosye yake.

"I used to work with refugees" maana yake: zamani nilikuwa ninafanya kazi na wakimbizi, sasa siifanyi tena. "To" hiyo ni ya tendo.

"I am used to working with refugees" maana yake: nimezoea kufanya kazi na wakimbizi, kazi hiyo hainishangazi. "To" hiyo ni ya mahali, njo maana ya "-ing".

Tuseme muuguzi amefanya miaka mingi ku kituo cha afya, na angali anafanya hadi leo. Anataka kusema amezoea kazi ya usiku. Akiandika "I used to work at night", msomaji anaelewa kwamba kazi ya usiku aliiacha. Swali litakuja pa mahojiano: kwa nini uliacha? Na pengine mahojiano yenyewe hayatafika. Akiandika "I am used to working at night", amesema alichotaka kusema. Neno "am" na mkia "-ing" vinakwenda pamoja, vinatembea wawili. Ukiona kimoja, tafuta chenzake.

Namna ya kufunga barua

Barua ya Kifaransa inafungwa kwa sentensi ndefu ya heshima, yenye kuomba mkubwa apokee salamu bora. Kiingereza hakina hiyo, na kuitafsiri kunaleta kicheko. Baada ya "I look forward to hearing from you", mstari wa chini unakuwa wa maneno mawili tu. Kwa desturi ya Waingereza, kama barua ilianza na "Dear Sir or Madam", bila jina, inafungwa na "Yours faithfully". Kama ilianza na jina la mtu, inafungwa na "Yours sincerely". Wamarekani wanaandika "Sincerely" peke yake. Kisha jina na sahihi.

Heshima ya Kiingereza iko ku usafi wa maneno, hapana ku wingi wake. Mwisho wa barua unaweza kuwa hivi:

Thank you for reading my application. I am used to working in a team, and I am ready to travel in the province. I look forward to hearing from you.

Kwa Kiswahili: asante kwa kusoma ombi langu. Nimezoea kufanya kazi na wengine, na niko tayari kusafiri ndani ya jimbo. Ninangojea habari yako kwa hamu. Ni sentensi tatu, na zinatosha.

Kama sentensi hiyo inakuja kwako

Sentensi hiyo inakuja pia kwa upande mwingine, kutoka kwa mwajiri ao kwa mtu asiyejulikana. Hapo ni kuielewa vizuri. "We look forward to hearing from you" maana yake wanangojea ujibu. Si ahadi ya kazi, na si habari kwamba umechaguliwa. Ujumbe wa kumpongeza mtu unasema wazi: "We are pleased to offer you the position."

Tena, Kiingereza kizuri hakihakikishi kwamba barua ni ya kweli. Kuna barua pepe zinazozunguka, zenye jina la shirika kubwa pa juu, zinazomwambia mtu kwamba amepata kazi, kisha pa mwisho zinaweka kitu kama "We look forward to receiving your payment". Sarufi ni sawa kabisa, "-ing" iko pa nafasi yake, lakini barua ni ya wizi. Umoja wa Mataifa unatangaza wazi kwamba haulipishi mtu ada yoyote katika hatua yoyote ya kuajiri. Anayeomba franka ao dola ili akupe kazi, usimjibu.

Zoezi dogo

Msomaji anaweza kujipima mwenyewe. Ndani ya sentensi sita hizi, baadhi ni sawa na baadhi zina kosa. Ziandike ku karatasi kwanza, kisha angalia majibu.

1. I look forward to meet your team.
2. We look forward to your answer.
3. I am used to ride a bicycle every day.
4. I used to ride a toleka in Mangobo.
5. She is looking forward for hearing from the university.
6. I hope to hear from you soon.

Majibu. Ya kwanza ina kosa: "to meeting your team". Ya pili ni sawa, jina limekaa nyuma ya "to". Ya tatu ina kosa: "used to riding", kwa sababu kuna "am". Ya nne ni sawa: zamani mtu huyo alikuwa anaendesha toleka, sasa ameacha. Ya tano ina kosa: "forward to hearing", hapana "for". Ya sita ni sawa, na ndiyo inayowashangaza wengi. "Hope to" ina ku ya tendo, kwa hiyo "hear" inabaki wazi. Tia jaribio: "I hope to your letter" inaanguka.

Hiyo ya sita inafaa kukumbukwa kwa sababu ndiyo inayochanganya vichwa. Mtu anasikia "hope to hear" na "look forward to hearing", zote mbili ni sahihi, kisha anakamata mwanzo wa moja na mwisho wa ingine. Barua nyingi zinaharibika hapo. Mwenye kuzitenganisha atatumia yoyote anayoitaka: "I hope to hear from you", kama anataka kuwa mnyenyekevu, "I look forward to hearing from you", kama anataka kuonyesha hamu.

Na siku ile mdogo atauliza tena ku sekretaria, "Yaya, hapa chini naweka nini?", mwenye mashine anaweza kumwandikia sentensi nzima, na kumwambia kwa nini ina "-ing": "to" hiyo ni kama ku ya ku soko.